Unahama? Uza Vitu vya Nyumba Bila Kupoteza Pesa Yako

Mwenzetu mmoja hapa ofisini alihama Nairobi kwenda Kisumu mwisho wa mwezi. Lori alilokodisha lilikuwa dogo, kwa hivyo akaamua kuuza kochi, friji, meza na vyombo pale pale kwenye ploti. Jumamosi saa nne asubuhi ua ulikuwa umejaa watu. Kufikia saa saba, karibu kila kitu kilikuwa kimeenda.

Jioni alipohesabu, mambo hayakulingana. Friji haipo, na zile Sh14,000 zake hazipo kwenye simu. Mnunuzi alikuwa amemwonyesha ujumbe wa malipo, akasema mtandao unasumbua leo, akapakia friji kwenye mkokoteni na kwenda zake. Hiyo ndiyo ilikuwa pesa ya lori.

Tulimpa pole, halafu tukakaa naye tukaandika yale ambayo angefanya tofauti. Soma kabla hujaweka ile status ya "nahama, nauza vitu".

Anza mapema

Wiki mbili zinatosha. Panga vitu mafungu matatu: vya kwenda navyo, vya kuuza, na vya kupeana. Vya kuuza vioshe. Sufuria iliyosuguliwa na sufuria yenye masizi haziwezi kuuzwa bei moja, hata kama zilinunuliwa siku moja.

Piga picha mchana, karibu na dirisha, kisha utume kwenye vikundi vya WhatsApp vya ploti, kanisa, chama na kazini. Chagua Jumamosi iliyo karibu na mwisho wa mwezi, wakati mishahara imeingia na watu wengine pia wanahamia nyumba mpya. Mwambie keteka na majirani mapema, ili wageni wasizuiwe getini.

Weka bei, na uache nafasi ya kuongea

Angalia kwenye Jiji au Facebook Marketplace uone kitu kama chako kinaendaje. Andika bei kwenye karatasi na uibandike. Mnunuzi lazima atauliza "bei ya mwisho ni ngapi?", kwa hivyo ijue kabla hajafika. Ukisema 5,000, uwe tayari kichwani kwamba chini ya 4,200 huuzi.

Vikombe, vijiko na vitabu viuze kwa fungu. Kwa vitu vya stima, hakikisha tokeni zipo. Nani atanunua pasi ambayo hajaiona ikipata moto?

Tafuta risiti

Watu wanaogopa kununua TV au simu iliyotumika kwa sababu nzuri: kushika mali ya wizi ni kosa kwenye sheria ya Kenya. Ukiwa na risiti ya dukani, mpe mnunuzi. Kama ilipotea, mwandikie karatasi yenye tarehe, kitu kilichouzwa, bei na sahihi zenu wawili. Nakala moja ibaki kwako.

Malipo: hapa ndipo watu huumia

Usiuze peke yako. Mmoja aongee na wateja, mwingine ashike simu na daftari. Mwenzetu alikuwa anafanya yote mawili, na hapo ndipo alishikwa.

Tumia namba moja tu ya kupokea pesa. Iandike kubwa ukutani pamoja na jina litakalotokea mtu akilipa. Ukiwa na tili, afadhali zaidi, kwa sababu pesa ya mauzo haitachanganyika na ya matumizi.

Usiamini simu ya mnunuzi. Angalia yako. Ujumbe wa kweli huja kwa jina la huduma, si kwa namba ya kawaida ya simu. Hata ukiingia, angalia salio kabla kitu hakijatoka getini. Ujumbe unaweza kughushiwa, lakini salio litakuambia ukweli. Mtandao ukisumbua, kitu pia kingoje. Mnunuzi wa kweli ataelewa.

Kwenye daftari andika kitu, bei, jina la aliyelipa na namba ya muamala. Mtu akijaribu kurudisha pesa baada ya kuondoka na meza yako, piga huduma kwa wateja mara moja ukiwa na rekodi hiyo.

Ukipigiwa na mtu anayesema amekutumia pesa kimakosa, usimrudishie wewe mwenyewe. Mwambie afuate utaratibu wa kurudishiwa kupitia kampuni inayomhudumia. Na PIN usimpe mtu yeyote, hata akisema anapiga kutoka kwetu. Sisi hatuulizi PIN.

Mtu akikuambia "nishikie, nakuja jioni", aache kitu kidogo. Bila hiyo, anayelipa kwanza ndiye anaondoka nacho.

Mwisho wa siku

Jumlisha daftari, ulinganishe na salio na pesa taslimu. Lipa lori kwanza, halafu mengine. Vilivyobaki, wape majirani au kituo cha watoto kilicho karibu.

Mwenzetu alifika Kisumu wiki moja baadaye, baada ya kukopa pesa ya lori. Meko yake ya zamani aliiuza siku ya kuondoka. Mnunuzi alituma pesa, naye akaangalia salio mara mbili kabla ya kufungua geti.