Kulenga Shabaha kwa Bunduki ya Hewa, Sehemu ya Pili: Kwa Nini Milimita 4.5

Mji wa Isiolo unaijua bunduki kuliko miji mingi ya Kenya. Shule ya Askari wa Miguu ya Jeshi la Kenya iko hapa, na wengi wetu tuna baba, mjomba au dada aliyewahi kubeba G3, bunduki ya jeshi yenye kipenyo cha milimita 7.62. Wengine wameijua kwa upande wa uchungu, kwenye njia za mifugo za kuelekea Merti na Garbatulla. Ndiyo maana kijana wa hapa akisikia habari za bunduki ya hewa, la kwanza analouliza ni unene wa risasi yake, na anatarajia kuambiwa kwamba iliyo nene ndiyo bora.

Kwa mashindano ya mita 10 tuliyoyaeleza katika sehemu ya kwanza, jibu ni moja tu: milimita 4.5. Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Kulenga Shabaha, ISSF, haliruhusu kipenyo kingine. Madukani utakutana na vipenyo vinne, na kwa kawaida huandikwa kwa inchi: .177 ndiyo hiyo milimita 4.5, .20 ni milimita 5, .22 ni milimita 5.5, na .25 ni milimita 6.35. Anayetaka kushindana anunue .177. Lakini amri bila sababu haimfundishi mtu kitu, na sababu yenyewe ni hesabu ambayo mwanafunzi wa sekondari anaweza kuifanya mwenyewe.

Shabaha ya mita 10 ina duara jeusi lenye upana wa milimita 30.5. Katikati yake pana nukta nyeupe ya nusu milimita, na hiyo ndiyo alama 10. Mzingo wa alama 9 una upana wa milimita 5.5, wa alama 8 milimita 10.5, na hivyo hivyo kwa kuongeza milimita 5 kila mara hadi ule wa alama 1 wenye milimita 45.5. Kanuni inasema kwamba tundu likigusa mstari wa alama ya juu, mlengaji anapewa alama hiyo ya juu. Sasa chukua peleti, yaani risasi ya bunduki ya hewa, ya milimita 4.5. Nusu ya upana wake ni milimita 2.25, na nusu ya upana wa ile nukta ni 0.25. Kwa hiyo kiini cha peleti kinaweza kukosa katikati ya shabaha kwa milimita 2.5 na bado mlengaji akapata 10.

Rudia hesabu hiyo kwa peleti ya milimita 5.5. Nusu yake ni 2.75, ongeza 0.25, unapata milimita 3 kamili. Nusu milimita iliyoongezeka inaonekana ndogo, lakini eneo la duara hukua kwa mraba wa nusu kipenyo chake. Eneo ambalo kiini cha peleti kinaweza kuangukia na kuleta 10 linakuwa kubwa zaidi kwa asilimia 44. Kwa ile ya milimita 6.35 eneo hilo linakaribia kuwa maradufu. Mwenye bunduki nene angekuwa anapata alama ambazo mkono wake haukuzifanyia kazi. Kufunga kipenyo kwenye milimita 4.5 ni kuhakikisha kwamba binti wa Kinna na bingwa wa Ulaya wanapimwa kwa kipimo kimoja, na mimi naiona kuwa mojawapo ya kanuni za haki kabisa katika michezo yote ya Olimpiki.

Siku hizi kwenye mashindano makubwa karatasi imeondoka na mashine ya kielektroniki ndiyo inayosoma mahali peleti ilipopita, kisha inagawa alama kwa sehemu za kumi. Peleti iliyopita ndani ya robo milimita kutoka katikati inapata 10.9, na kila robo milimita zaidi inapunguza alama kwa 0.1. Kwenye Olimpiki ya Paris ya 2024, fainali ya wanawake ilimalizika kwa Ban Hyo-jin wa Korea Kusini na Huang Yuting wa China wakiwa sare kwa alama 251.8. Ikabidi kila mmoja apige risasi moja ya kuamua. Ban akapata 10.4, Huang 10.3. Nishani ya dhahabu ikaenda kwa msichana wa miaka 16 aliyeuanza mchezo huu mwaka 2021. Pengo kati ya 10.4 na 10.3 ni takriban robo milimita, na wote wawili walitumia kipenyo kile kile.

Wapo wanaosema kwamba .22 hupiga kwa nguvu zaidi. Ni kweli, na ni kweli pia kwamba nguvu hiyo haina kazi kwenye karatasi iliyo mita 10 mbele yako. Sifa nyingi zinazoandikwa kwenye matangazo ya .22 na .25 zinahusu uwindaji, na Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977. Kanga wa hifadhi za Shaba na Buffalo Springs si shabaha ya mtu yeyote. Ukiwaondoa wanyama kwenye hesabu, sababu kubwa ya kununua bunduki nene inakwisha.

Kuna jambo jingine ambalo halionekani kwa macho. Tangu kifyatulio kivutwe hadi peleti itoke mdomoni mwa mtutu, mwili haukai kimya: moyo unapiga, bega linapumua. Kadiri peleti inavyochelewa ndani ya mtutu ndivyo mtikisiko huo unavyopata nafasi ya kuipotosha. Bunduki ya mashindano hurusha peleti ya .177, yenye uzito wa karibu nusu gramu, kwa kasi ya mita 170 hivi kwa sekunde. Nguvu ile ile ikisukuma peleti ya .22 yenye uzito wa gramu 0.9, kasi inashuka hadi mita 130 hivi. Peleti nyepesi inatoka mapema.

Lakini wepesi nao una mpaka wake. Bunduki za bei nafuu hujivunia mita 300 na zaidi kwa sekunde, na wanunuzi wengi hudanganyika hapo. Peleti ina kiuno chembamba na sketi iliyo wazi nyuma, umbo ambalo huyumba vibaya linapoikaribia kasi ya sauti, ambayo katika joto la Isiolo ni takriban mita 350 kwa sekunde. Kasi ya kupindukia hutawanya matundu. Ukiona sanduku linasifu kasi peke yake, lirudishe.

Nje ya mita 10 upo mchezo wa shabaha za uwandani, unaopendwa Uingereza na Afrika Kusini, ambapo mlengaji huangusha vibao vya chuma vilivyo umbali wa hadi mita 50 hivi kwa kupitisha peleti ndani ya tundu ambalo huenda likawa na milimita 15 tu. Huko .22 si haramu, na nguvu ya bunduki ndiyo inayowekewa kikomo: jouli 16.3. Hata hivyo wengi wa mabingwa wanashika .177. Chini ya kikomo hicho inakwenda karibu mita 240 kwa sekunde huku .22 ikibaki kwenye 185 hivi, kwa hiyo njiani inashuka kwa kiasi kidogo kuliko .22, na mtu aliyekosea kukadiria umbali anasamehewa kiasi. Tena peleti nyembamba hupita kwenye tundu bila kugusa ukingo. Kwenye uwanda wetu, penye upepo na vumbi la mchana, upepo utaisumbua peleti ya aina yoyote, na dawa yake ni mazoezi ya kuusoma.

Ukishakubali 4.5, ndipo uchaguzi wa kweli unapoanza. Makopo ya peleti za mashindano, ambayo kwa kawaida huwa na peleti 500, huandikwa upana wa kichwa: 4.49, 4.50, 4.51. Tofauti ni sehemu ya mia ya milimita, na mtutu wako unaijua. Mitutu miwili iliyotoka kiwanda kimoja siku moja inaweza kupenda vichwa tofauti. Njia ya kujua ni kujaribu. Laza bunduki juu ya mifuko ya mchanga mezani, ndani ya chumba kisicho na upepo, mita 10 kutoka kwenye karatasi. Piga kumi za kila aina bila kubadilisha chochote kingine. Mtutu mzuri ukipata peleti inayoufaa, zote kumi zitatoboa tundu moja ambalo halizidi sana milimita 7 kutoka ukingo hadi ukingo. Aina itakayotawanyika iache, hata kama ni ya bei ghali. Na kwa shabaha ya karatasi nunua zenye kichwa bapa, kwa sababu zinakata tundu safi la mviringo. Zenye kichwa cha duara hupasua karatasi, na mwamuzi akashindwa kuona mstari umeguswa au la.

Kuhusu mtambo unaosukuma peleti, Isiolo ina masharti yake. Bunduki za gesi ya kabonidayoksaidi hubadilika na joto, kwa hiyo ile uliyoirekebisha saa moja asubuhi itapiga mahali pengine saa nane mchana. Za hewa iliyoshindiliwa kwenye silinda ndizo zinazotawala mashindano leo, lakini hujazwa hadi shinikizo la mara 200 ya hewa ya kawaida, na kompresa ya gereji inayojaza matairi haikaribii hapo hata kidogo. Pwani, maduka ya wapiga mbizi ya Diani na Watamu yana mashine za kazi hiyo. Hapa kwetu utahitaji pampu ya mkono iliyotengenezwa mahususi, na jasho. Kamwe usikubali fundi wa kuchomelea akujazie oksijeni kutoka kwenye mtungi wake. Oksijeni yenye shinikizo kubwa ikikutana na grisi hulipuka, na silinda iko karibu na uso wako. ISSF nayo haikubali silinda iliyopita miaka kumi tangu itengenezwe, kwa hiyo soma tarehe kabla ya kununua iliyotumika.

Kwa anayeanza mbali na vifaa, ushauri wangu ni bunduki kuukuu ya mashindano ambayo wenzo wake hushindilia hewa kwa kila risasi, mfano wa Feinwerkbau za mfululizo wa 600. Haihitaji silinda wala mtungi, na haina mteguko wa springi.

Kabla ya yote hayo, sheria. Usidhani kwamba kwa kuwa ni ya hewa, ni kitu cha kuchezea. Isome Sheria ya Silaha, Sura ya 114, uende kwa Bodi ya Leseni za Silaha ukaulize kabla ya kuagiza chochote kutoka nje, na upate jibu kwa maandishi. Ukisharuhusiwa, isafirishe kwenye sanduku la kufuli pamoja na karatasi zake. Kwenye vizuizi vya barabara ya Marsabit, mtutu unaochungulia kwenye kiti cha nyuma cha gari unaweza kugharimu maisha ya mtu.

Mwisho ni peleti zenyewe. Nyingi ni za madini ya risasi, na madini hayo ni sumu inayodhuru zaidi ubongo wa mtoto. Mazoezini usile, na hasa usitafune miraa, maana mkono uliokuwa ukishika peleti ndio unaochambua majani na kuyapeleka mdomoni. Nawa kwa sabuni kabla ya kutoka chumbani, na fagio la vumbi la hapo lisiingie nyumbani.

Sehemu ya tatu itahusu kitako na uzito wa bunduki: namna ya kuirekebisha imkae mlengaji mfupi au mrefu bila kuvuka kikomo cha kilo 5.5.