Waya za Pikapu ya Mjomba

Kila mwaka jarida letu hujaa mashairi na hadithi za sungura na fisi, nami sina ubaya nazo. Lakini mwaka huu nimeomba nafasi nieleze jambo la garaji. Katika nyumba nyingi za Thika na Ruiru kuna gari kuukuu ambalo bado linatafuta unga, na siku waya zake zikiungua mwenyewe huwa hajui ashike lipi aache lipi.

Mjomba wangu ana pikapu ya Peugeot 504. Hii si gari ngeni kwetu. Ilishinda Safari Rally mwaka wa 1975, na mwaka wa 1978 dada yake wa milango miwili akashinda tena. Zilikuwa zikiunganishwa hapa hapa Kenya mpaka mwaka wa 2004. Siku hizi huwezi kuagiza nyingine kutoka ng'ambo, maana sheria yetu haikubali gari lililotumika ambalo limezidi miaka minane. Kwa hivyo aliye nayo huitunza kama yai. Mjomba hupakia mananasi na ndizi Thika saa kumi alfajiri, akawapelekea akina mama wa soko la Ruiru. Karo yangu hutoka humo humo.

Alfajiri moja wakati wa likizo nilikuwa nimeketi naye mbele. Tulipopita Juja kidogo taa zikafifia, kisha harufu ya plastiki ikajaa, na moshi ukaanza kutoka chini ya dashibodi. Mjomba aliegesha kando, akafungua boneti na kung'oa waya wa betri kwa koleo. Ananasi hata moja halikufika sokoni kwa wakati. Tulivutwa kwa kamba mpaka Ruiru, na hapo ndipo masomo yangu ya kweli ya fizikia yalipoanza.

Fundi wa umeme tuliyemwendea, mzee mmoja mpole, alifunua dashibodi akatuonyesha chanzo. Miaka mitatu nyuma mjomba alikuwa amewekewa waya za taa na fundi mwingine, kwa bei ya kutupa. Kumbe alikuwa ametiwa waya wa nyumba! Waya huo una uzi mmoja mnene wa shaba, na ukutani hauna shida kwa sababu ukuta hautikisiki. Gari hutetemeka mchana kutwa. Uzi mmoja hukunjwa hukunjwa mpaka ukapasuka, na pale penye ufa umeme hupita kwa taabu, pakapata joto, plastiki ikayeyuka, shaba ikagusa bodi ya gari. Hiyo ndiyo shoti. Waya wa gari umesokotwa kwa nyuzi nyingi nyembamba ndiyo uweze kujipinda bila kukatika.

Lakini fyuzi si ilipaswa kukatika? Ilipaswa, ila haikuwepo. Mahali pake palikuwa na karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Nilimtazama mjomba, naye akatazama kando. Basi jamani, kazi ya fyuzi ni kuulinda waya, wala si kuilinda taa. Fyuzi huchaguliwa iwe dhaifu kuliko waya unaoifuata, ili mambo yakiharibika ife yeye. Ukiweka karatasi ya sigara umeamua kwamba kitakachokatika ni waya wenyewe, au pikapu.

Sasa tulihitaji fungu zima la waya za mbele na za dashibodi. Tuwanunulie wapi? Huko Marekani mtu mwenye Ford Mustang au Chevrolet Camaro ya miaka ya 1960 ana bahati, maana ziko kampuni zinazouza fungu zima la waya mpya, kila mmoja umeandikwa unakokwenda. Kwa 504 mambo si hivyo. Mjomba aliulizia waya mpya kutoka ng'ambo, akatajiwa bei iliyozidi elfu sitini na usafiri. Hata angekuwa na pesa hizo, kuna mtego ambao fundi alitutahadharisha. Ufaransa usukani uko kushoto, na Nigeria pia, ambako 504 nyingi sana ziliundwa. Sisi usukani wetu uko kulia. Waya za dashibodi hufuata usukani, kwa hivyo fungu la usukani wa kushoto litafika fupi huku na refu kule. Anayeagiza aulize kwanza kama ni la gari la usukani wa kulia.

Ya pili ilikuwa kutafuta waya za gari lililochinjwa. Tulipata moja kwa shilingi 7,000. Mjomba alifurahi, mimi pia nikafurahi, manake elfu saba tungeipata. Fundi akauliza swali moja tu: zimetoka kwa gari gani? Zilikuwa za 504 ya abiria. Pikapu ni ndefu zaidi. Kutoka gurudumu la mbele mpaka la nyuma ni mita 3.00, na ile ya abiria ni mita 2.74, kwa hivyo waya za nyuma hazitoshi. Ukikuta za gari la dizeli ni balaa jingine, kwa kuwa dizeli ina waya za kupasha injini moto na haina zile za plagi za petroli. Halafu akachukua waya mmoja akaukunja kwa vidole. Plastiki ikapasuka kama ganda la njugu. "Hizi zina umri wa zile zako zilizoungua," akamwambia mjomba. "Unanunua ugonjwa ule ule."

Kulikuwa na fundi wa tatu aliyesema atamaliza kila kitu kwa 6,500, waya na kazi. Bei tamu! Nilimwomba nione waya wake. Nikaukwangua kwa wembe, na chini ya rangi ya shaba nikaona weupe. Ilikuwa aluminiamu iliyopakwa shaba. Aluminiamu hupitisha umeme kiasi cha sehemu tatu kwa tano tu ya shaba ya unene huo huo. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi, na hapa ingevunja na jiko.

Hapa wanafunzi wa kidato cha tatu wenzangu mtanisaidia, kwa sababu ni mambo tuliyofundishwa muhula huu huu. Taa mbili kubwa za wati 55 kila moja, kwa betri ya volti 12, hutumia karibu ampea 9. Waya wa shaba wenye unene wa milimita mraba 1.5 ukienda mita 4 hupoteza volti 0.4 hivi njiani. Ukitumia nusu ya unene huo, unapoteza karibu 0.8, na joto ndani ya waya linakuwa maradufu. Mkondo wenyewe ukiongezeka mara mbili, joto huwa mara nne. Nilikuwa nimeikariri kanuni hiyo kwa ajili ya mtihani tu, sikujua kwamba inaweza kunukia plastiki.

Njia iliyobaki ndiyo tuliyoifuata: fundi mzee atengeneze fungu jipya kwa kipimo cha lile la zamani. Kabla ya kununua hata mita moja alituambia tusafishe kwa msasa pale waya za ardhi zinapofungwa kwenye bodi. Msasa wa shilingi hamsini. Taa za nyuma, ambazo mjomba alidhani zimekufa, zikawaka! Kutu ilikuwa imeufungia umeme njia ya kurudi. Waya za nyuma zilikuwa nzima, hatukuzinunua. Ule waya mnene wa stata pia ulikuwa mzima. Hapo tuliokoa pesa nyingi kuliko ambavyo tungeokoa kwa kupigania bei.

Mjomba alikwenda Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, akanunua waya wa gari wa shaba tupu, wa unene tofauti kwa kazi tofauti, sanduku jipya la fyuzi na rilei mbili za taa. Rilei ni swichi inayowashwa na umeme kidogo ili ipitishe umeme mwingi. Katika hii yetu mkondo wote wa taa ulikuwa unapita kwenye swichi ya usukani, ndiyo maana ilikuwa ikipata moto. Waya na vifaa vilifika 9,200 na kazi ya fundi 6,000.

Fundi alilaza waya za zamani juu ya ubao, akapiga misumari pembeni mwa kila kona, akavuta waya mpya kufuata njia hizo. Rangi za zamani zilikuwa zimefifia zote zikafanana na vumbi, kwa hivyo kazi yangu ilikuwa kuandika plasta na kuibandika kila ncha kabla ya kukatwa: honi, indiketa ya kulia, taa ya breki. Siku mbili nzima. Nilikosea plasta moja tu, na honi ikawa inalia ukikanyaga breki. Fundi alicheka mpaka akakaa chini. Viungo vyote alivichomea kwa risasi, wala hakusokota kwa vidole na kufunga tepu kama wafanyavyo wengine.

Shilingi 15,200 si kidogo. Fundi alikubali kulipwa mara mbili, lakini hata hivyo karo yangu ilichelewa, na walionitafuta darasani zile siku nne mwanzoni mwa muhula sasa wanajua nilikuwa wapi. Mjomba alitaka kuniomba msamaha, mimi nikamwambia, "Mjomba, heri siku nne nyumbani kuliko wewe kuungua barabarani."

Tulipowasha mara ya kwanza, injini ikinguruma, mita ilionyesha volti 13.8 kwenye betri na 13.4 kwenye taa. Katika sanduku la fyuzi mjomba ameweka pakiti ya fyuzi za akiba, zimefungwa kwa mpira. Waipa tu ndiyo haifanyi kazi bado. Waya wake ni mzima, ila swichi yake imekwisha, na tumeitafuta kutoka Makongeni hadi Githurai bila mafanikio. Aliye na 504 iliyolala nyuma ya nyumba yao, tafadhali aniulizie kidato cha tatu kabla mvua hazijaanza.