Nakuru Haisomwi kwa Miaka ya Moto Pekee

Septemba 1993, serikali ya Kenya iliyafunga maeneo ya Molo, Londiani na Burnt Forest. Yalitangazwa kuwa maeneo maalum ya usalama: mtu wa nje haingii, mwandishi wa habari haingii, na yaliyokuwa yakitendeka mashambani humo yakabaki kwa waliotenda na waliotendewa. Mwezi huohuo Koigi wa Wamwere, aliyewahi kuwa mbunge wa Nakuru Kaskazini, alikamatwa pamoja na wenzake walipokwenda Burnt Forest kuchunguza mapigano. Haikuishia hapo. Baada ya wiki chache alishtakiwa kwamba alivamia kituo cha polisi cha Bahati, kesi ikasikilizwa mjini Nakuru, na Oktoba 1995 akahukumiwa kifungo cha miaka minne na viboko sita.

Kwa hiyo, kabla ya kumwuliza mwanafunzi wa uzamifu anayefika Nakuru leo ana nadharia gani, ningemwomba kwanza ajue kwamba kazi aliyoishika iliwahi kuwa kosa la jinai katika eneo hili. Wanafunzi hao ni wengi. Wapo wa Egerton pale Njoro, wapo wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wapo wanaokuja kutoka Uingereza na Marekani. Wanauliza mambo mawili: demokrasia hudorora vipi, na kwa nini majirani waliosaidiana kuvuna huja kuchomeana nyumba. Wengi huyatenganisha maswali hayo, wakayaweka katika sura mbili za tasnifu. Bonde la Ufa haliyatenganishi.

Mwaka 2016 mtaalamu wa siasa Nancy Bermeo alichapisha makala ambayo wanaosomea fani hii huinukuu sana. Hoja yake ni kwamba mapinduzi ya kijeshi na wizi wa kura wa waziwazi vimepungua tangu Vita Baridi viishe. Siku hizi watawala waliochaguliwa hupunguza nguvu za taasisi kidogo kidogo, mara nyingi kwa kutumia sheria. Mkenya akisoma hayo hashtuki. Chama cha upinzani cha KADU kilijivunja Novemba 1964, kingine, KPU, kikapigwa marufuku 1969, Juni 1982 Bunge likaifanya nchi kuwa ya chama kimoja kwa kifungu cha 2A cha katiba, na 1988 wapiga kura wakapangwa mlolongo nyuma ya wagombea, mchana kweupe, chifu akitazama. Yote yalifanywa kwa utaratibu uliopewa jina la sheria.

Nakuru ina sura yake katika historia hiyo. J.M. Kariuki, mbunge aliyeuawa Machi 1975 baada ya kusema waziwazi kwamba uhuru umewatajirisha wachache, alizikwa kwake Gilgil. Mwaka uliofuata, ni katika mkutano wa hadhara mjini Nakuru ambapo Kihika Kimani na wanasiasa wenzake walitaka katiba ibadilishwe ili makamu wa rais, Daniel arap Moi, asichukue madaraka moja kwa moja rais akifa. Mwanasheria Mkuu Charles Njonjo aliwazima kwa kuwakumbusha kwamba kuwazia kifo cha rais ni kosa ambalo adhabu yake ni kifo. Wachache walipigania kiti na wachache wengine wakawazuia, na hakuna upande ulioona haja ya kumwuliza mkulima wa Subukia anaonaje. Mwanafunzi anayetafuta mahali demokrasia ilipoanza kulegea hapa aanzie miaka hiyo, wakati hakuna nyumba iliyokuwa ikiungua.

Moto wenyewe uliwaka Oktoba 1991 katika shamba la Meteitei, Nandi, wiki chache kabla ya kifungu cha 2A kuondolewa Desemba na vyama vingi kurudi. Ukaenea Molo, Olenguruone, Burnt Forest. Kufikia 1993 shirika la Human Rights Watch lilikadiria kwamba watu 1,500 walikuwa wameuawa na 300,000 kuhamishwa. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku, Bunge la chama kimoja hilo, iliwanyoshea kidole wanasiasa wa chama tawala mwaka 1992. Baraza la Kitaifa la Makanisa nalo lilitoa ripoti mwaka huohuo, na kichwa chake kilisema bila kuzunguka kwamba hizi ni ghasia zilizopangwa dhidi ya demokrasia.

Hapo ndipo panapohitaji kutazamwa kwa karibu. Kanuni mpya ya uchaguzi ilimtaka mshindi wa urais apate angalau asilimia 25 ya kura katika mikoa mitano kati ya minane. Sheria ilimtaka mpiga kura apige kura pale alipojiandikisha. Sasa chukua familia iliyokimbia usiku kutoka shambani Molo na kulala katika uwanja wa kanisa Elburgon, kitambulisho na kadi ya kura vimeungua pamoja na nyumba. Siku ya kura, Desemba 29, 1992, familia hiyo haina karatasi, na kituo chake kiko mahali inapoogopa kukanyaga. Hakuna sanduku lililojazwa kura bandia na hakuna karani aliyehongwa, ila kura za nyumba hiyo zimepotea. Rais Moi alishinda kwa takriban asilimia 36, na wagombea wa chama tawala, KANU, zaidi ya 15 waliingia Bungeni bila kupingwa, wengi wao wa Bonde la Ufa. Huko kuhamisha watu kulikuwa ni uchaguzi wenyewe, umefanywa mapema.

Lakini wanasiasa hawaokoti chuki njiani, na wasomi wa Kenya walilijua hilo kabla ya neno madoadoa, la kuwaita majirani wa kabila jingine, kusikika jukwaani. Apollo Njonjo alieleza katika tasnifu yake ya Princeton, 1977, jinsi mashamba ya walowezi yalivyopita mikononi mwa Waafrika na nani aliyefaidi. Tabitha Kanogo akaandika kitabu, 1987, juu ya maskwota wa Bonde la Ufa na mizizi ya Mau Mau. Karibuni zaidi, Kathleen Klaus aligeuza utafiti wake wa uzamifu kuwa kitabu, 2020, akilinganisha jamii zilizo jirani ambazo baadhi zilipigana na nyingine zikatulia. Anaonyesha kwamba uhaba wa ardhi peke yake hauleti vita. Yanahitajika masimulizi ya nani mwenye haki ya kukaa hapo, na mwanasiasa anayeweza kuyageuza kuwa hofu, au kuwa ahadi.

Ndiyo maana mtafiti mzuri haanzi kwa kuuliza kabila wala kura. Anauliza: shamba hili mlilipataje? Mmasai ataanza na mkataba wa 1904 uliowahamisha wazee wake kutoka Naivasha na Nakuru kwenda Laikipia. Mkikuyu ataanza na babu aliyelima kwa mzungu, atapita Olenguruone walikofukuzwa mwishoni mwa miaka ya 1940, kisha ataingia chumbani na kutoka na cheti cha hisa cha kampuni ya kununua mashamba, kimekunjwa mara nne, na hati miliki mpaka leo hana. Mkalenjin atauliza kwa nini ardhi iliyochukuliwa kwa nguvu na mkoloni ilirudishwa kwa kuuzwa, ikaenda kwa aliyekuwa na pesa au jina. Mwogiek wa Mau atataja hukumu ya Mahakama ya Afrika ya Mei 2017 iliyompa haki ambayo bado anaingojea. Kila mmoja anasema kweli, na kweli hizo haziwezi kutoshea katika shamba moja. Hapo mtafiti amepata kazi ya miaka minne.

Njia ya kufika kwenye swali hilo ina mitego yake. Mwanafunzi hupata kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, akakipeleka kwa kamishna wa kaunti, akateremka hadi kwa chifu. Utaratibu huo unamlinda, lakini akipelekwa kijijini na chifu tayari ameonekana yuko upande gani, na majibu hubadilika. Isitoshe, watu wa Kuresoi na Molo wamekwisha kuulizwa mno. Ilikuja kamati ya Kiliku, ikaja tume ya Akiwumi, ambayo ripoti yake ya 1999 ilikaa kabatini mpaka 2002, ikaja tume ya Waki baada ya ghasia za 2007 na 2008 zilizoua watu zaidi ya 1,100, ikaja tume ya ukweli, haki na maridhiano. Tangu kesi za ghasia hizo katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko Hague, mgeni mwenye kinasa sauti anayeuliza nani alipanga anaweza kudhaniwa mpelelezi. Wazee humpa chai na maneno ya amani, wakamaliza.

Kuficha majina nako hakutoshi. Ukiandika katika tasnifu kwamba mjane anayeuza viazi kando ya kituo fulani Mau Narok alikutajia aliyechoma nyumba yake, hujamtaja jina, lakini kijiji kizima kimemjua. Na anayetajwa ni jirani yake, labda wanachota maji bomba moja. Naona hili ni jukumu zito kuliko nadharia yoyote, na wasimamizi wa vyuo vya mbali mara nyingi hawana namna ya kulipima.

Asiyeamini uzito wake amkumbuke Padre John Kaiser. Mmishonari huyu alikaa na waliofukuzwa Enoosupukia, waliokuwa wamekusanywa kambini Maela, na Desemba 1994 aliwaona wakipakiwa malori na serikali ili kambi ifutwe. Aliandika alichokiona. Akatoa ushahidi mbele ya tume ya Akiwumi akiwataja wakubwa kwa majina. Agosti 2000 alikutwa amekufa kwa risasi kando ya barabara karibu na Naivasha. Wachunguzi wa FBI walisema alijiua. Mahakama ya Kenya, Agosti 2007, ikasema aliuawa. Hakuna aliyefungwa.

Tangu 2008 Nakuru haijaungua namna ile, na hilo ndilo fumbo ninalotamani watafiti walikazie macho. Agosti 2012 wazee wa Kikuyu na Kalenjin walitia saini mkataba wa amani wa Nakuru baada ya mazungumzo marefu. Miezi michache baadaye, Desemba 2, Uhuru Kenyatta na William Ruto walikuja mjini kutangaza muungano wao, wote wawili wakikabiliwa na mashtaka Hague. Uchaguzi wa 2013 ukapita salama. Aprili 16, 2016, kesi zikiwa zimekwisha, walirudi katika uwanja wa Afraha kushukuru. Waliohamishwa 2008 na kulala katika uwanja huohuo hawakuwa na hukumu yoyote ya kushukuria. Je, amani ililetwa na wazee, au ilikuwa mkataba wa vigogo wawili ambao raia walikodishiwa kwa muda? Mimi naamini wazee walifanya kazi kubwa kuliko wanavyosifiwa. Lakini amani isiyo na haki humfanya mtu ajifunze kunyamaza, na raia aliyejifunza kunyamaza ni rahisi kunyang'anywa mengine.

Mengine hayo tumeyaona. Tume ya uchaguzi ilikaa bila makamishna kuanzia Januari 2023 hadi Julai 2025. Juni 2024 vijana waliingia barabarani kupinga mswada wa fedha, Nakuru ikiwemo. Wengine walipigwa risasi, na wengine wakatekwa na watu wasiovaa sare. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, vijana wa Bonde la Ufa waliandamana bila kuulizana majina ya ukoo. Oktoba mwaka huohuo Rigathi Gachagua alivuliwa unaibu rais, na lugha ya nani ni wa wapi ikaanza kurejea mikutanoni. Mambo hayo mawili yanavutana sasa hivi katika mitaa ileile ya Nakuru, London, Bondeni na Kaptembwa, na hayatasubiri tasnifu ikamilike.

Uchaguzi ujao ni Agosti 2027. Kila msimu wa kura ziko familia zinazofunga nyumba Molo au Njoro mwezi Julai, zikapanda matatu kwenda kwa jamaa Murang'a, Kericho au Kisii, na kurudi mambo yakitulia. Mzazi humtoa mtoto shuleni kabla ya muhula kwisha. Mkulima huuza ng'ombe kwa bei ya hasara. Na wengine huhamisha kabisa usajili wao wa kura. Ripoti za waangalizi huanza kuhesabu siku sanduku linapofunguliwa, wakati watu hao wamekwisha kupiga kura yao kwa miguu. Mwanafunzi wa uzamifu anayetaka kujua demokrasia yetu imefika wapi ningependa kumwona stendi ya Nakuru wiki hizo, anawauliza wanaondoka kwa sababu gani, na nani aliwaambia.