KUFUNGA MKANDA: TUMBO LA NANI?

Ndugu wafanyakazi,

Serikali inapoishiwa fedha huwaambia wananchi wote wafunge mkanda. Neno hilo halina ubaya. Ubaya ni pale mkanda unapofungwa tumbo moja tu.

Tazameni Zambia mwaka 1986. Bei ya shaba ilikuwa imeanguka, deni limekuwa mzigo, na Shirika la Fedha la Kimataifa likataka ruzuku ya unga wa mahindi ipunguzwe. Mwezi Desemba Serikali ya Rais Kaunda iliondoa ruzuku ya unga mweupe, na bei yake ikapanda zaidi ya maradufu. Unga wa rola, ule wa bei nafuu wanaokula makabwela, uliahidiwa kulindwa. Katika karatasi, hiyo ilikuwa haki. Lakini wenye viwanda vya kusaga hawakuwa na hakika kwamba Serikali itawalipa fidia ya rola, wakasaga unga mweupe. Rola ikatoweka madukani. Ghasia zikazuka Kitwe na Ndola, watu wasiopungua 15 wakafa, na baada ya siku chache bei ya zamani ikarudishwa.

Huku Luapula, kutoka Mwansabombwe hadi Nchelenge ufukoni mwa Ziwa Mweru, chakula chetu ni mihogo na samaki. Ruzuku ile ilimfaa zaidi mtu wa mjini. Lakini makato hayakutuacha. Miaka ya 1990 zahanati za serikali zilitoza ada, na vijijini ada hiyo ilifutwa Aprili 2006 tu. Asiyeonja ruzuku naye alilipa deni.

Wala tusidhani kwamba mwenzetu akiingia Ikulu kazi imekwisha. Frederick Chiluba aliongoza shirikisho la vyama vya wafanyakazi, akawa Rais mwaka 1991, na Serikali yake ndiyo iliyofuta ruzuku ya unga. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Mwaka 2020 Zambia ilishindwa tena kulipa madeni, na mwaka 2022 ikakubaliana upya na Shirika lilelile. Kwa hiyo, kila matumizi yanapopunguzwa, Chama kidai mambo matatu:

Kwanza, wafanyakazi na wanavijiji waulizwe kabla ya kukatwa, si baada.

Pili, panga lianzie juu: magari, safari na posho za wakubwa kabla ya dawa na madaftari.

Tatu, kinachoahidiwa kulindwa kikaguliwe dukani na zahanati, kwa macho yetu wenyewe.

Haki haipikwi kwa karatasi. Umoja ni nguvu!