Protini Inayoiamuru Ngozi Ikomae

Mtoto aliyekaa miezi tisa ndani ya maji huingia hewani ndani ya muda mfupi tu, na tangu hapo kinachozuia maji ya mwili wake yasipotee ni utando mwembamba wa seli zilizokufa. Utando huo hautokani na wingi wa seli peke yake. Seli za tabaka la chini la ngozi hugawanyika; zile zinazosukumwa juu huacha kugawanyika, hujaa protini ngumu, humwaga mafuta baina yao, kisha hufa zikiwa zimeshikamana. Kwa binadamu kazi hiyo hufanyika zaidi katika miezi ya mwisho ya mimba. Nashikilia kwamba jambo kuu hapa ni amri ya kuacha kugawanyika na kukomaa, na shahidi mzuri wa hoja hiyo ni protini iitwayo IKK-alfa.

Awali protini hii ilijulikana kwa kazi nyingine kabisa. Ni kimeng'enya kinachopachika fosfati kwenye protini nyingine, na kilihesabiwa kuwa sehemu ya mtambo unaoamsha NF-kappa-B, protini inayowasha jeni za kupambana na vijidudu. Mwaka 1999 makundi matatu ya watafiti, mawili ya Marekani na moja la Japani, yalizalisha panya wasio na jeni yake. Panya hao walizaliwa na ngozi nene, ing'aayo na yenye kunata, miguu na mkia vikiwa vimefungwa ndani yake, wakafa muda mfupi baadaye. Unene huo ndio wa kutafakari. Seli zilikuwa tele kupita kiasi, lakini hazikukomaa, na tabaka la juu lenye kuzuia maji halikutokea kabisa.

Msomaji makini atauliza: je, si NF-kappa-B iliyokosa kuamshwa ndiyo iliyoharibu ngozi? Pingamizi hili lina uzito, na jibu lake lilipatikana mwaka 2001. Maabara ya Michael Karin, huko San Diego, ilichukua seli za ngozi zisizo na IKK-alfa ikazirudishia protini hiyo, ila sehemu yake ya kimeng'enya ikiwa imezimwa. Seli zikakomaa, ingawa kimeng'enya cha kusaidia kuamsha NF-kappa-B hakikufanya kazi. Mwaka huohuo wakaelezwa panya wengine ambao IKK-alfa yao ipo lakini haiwezi kuwashwa: ngozi yao ilikuwa ya kawaida, ila majike hawakuweza kutoa maziwa ya kutosha. Kwa maoni yangu panya hao wanyonyeshao kwa shida ni ushahidi mzito kuliko wale wa 1999, kwa sababu wanatenganisha kazi mbili za protini moja. Titi linahitaji kimeng'enya. Ngozi inahitaji protini yenyewe, iwe imewashwa au la. Mwaka 2004 ikaonekana pia kwamba kuirudisha kwenye ngozi peke yake kunatosha kunyoosha miguu ya panya wasio na jeni yake, mifupa ikiwemo.

Wengine watasema panya si mtu. Kweli, lakini mwaka 2010 watafiti wa Finland walieleza vijusi viwili vya familia moja ambavyo jeni ya IKK-alfa ilikuwa imekatizwa. Viungo vyao vilikuwa vimefungwa chini ya ngozi, kama vya panya. Vijusi viwili ni vichache, lakini mfanano wa kiasi hicho ni vigumu kuuita bahati nasibu.

Hakuna dawa iliyotokana na ugunduzi huu, na sioni haya kulisema. Faida yake ni kutuelekeza pa kutazama kwa mtoto njiti. Yeye protini zake anazo. Muda ndio uliomwishia kabla ngozi haijamaliza kukomaa, hivyo hupoteza maji na joto haraka, na vijidudu hupenya kirahisi. Kumlisha vizuri ni lazima, lakini ngozi nayo inahitaji kusitiriwa wakati inakamilisha kazi yake. Katika hospitali moja ya Dhaka, Bangladesh, njiti waliozaliwa kabla ya wiki 33 na kupakwa mafuta ya alizeti walipata maambukizi ya hospitalini kwa asilimia 41 pungufu, kwa matokeo yaliyotangazwa mwaka 2005. Si kila mafuta yanafaa, hata hivyo: ya haradali, yanayotumika sana kukandia watoto huko, yalichelewesha kupona kwa ngozi ya panya katika jaribio la awali, ndiyo maana mzazi wa njiti anapaswa kumuuliza muuguzi kabla ya kumpaka chochote.