Ukumbusho: Picha Iliyopimwa kwa Masimulizi

Katika miji ya migodi ya Katanga, kusini mwa Kongo, hasa Lubumbashi, kulistawi katika miaka ya 1970 aina ya uchoraji ambayo wenyewe waliiita ukumbusho, yaani picha inayomkumbusha mtazamaji yaliyopita, na ambayo wachoraji wake wengi hawakupita katika chuo chochote cha sanaa. Chuo kilikuwapo, kwani Laurent Moonens alikianzisha mjini humo mwaka 1951, miaka mitano baada ya Mfaransa Pierre Romain-Desfossés kufungua karakana ambamo Pilipili Mulongoy na Mwenze Kibwanga walichora samaki, ndege na wanyama bila kuiga Ulaya. Kazi zao ni nzuri kwelikweli, ila soko lao lilikuwa hasa la Wazungu.

Ukumbusho ulichorwa juu ya kitambaa cha magunia ya unga, ukauzwa kwa bei ambayo mfanyakazi aliimudu, ukatundikwa sebuleni. Picha iliyopendwa sana ni ile ya Colonie Belge, yaani Koloni la Ubelgiji, inayomwonyesha mfungwa akichapwa kiboko na askari huku ofisa wa Kibelgiji akitazama. Mgeni alipoiona aliuliza, na mwenye nyumba akaanza kusimulia. Hapo ndipo penye kipimo chake, tena kipimo kikali, kwa sababu picha isiyoamsha masimulizi ilikuwa imeshindwa kazi yake hata kama mistari yake imenyooka. Wanaodhani kwamba kinachopendwa na wengi hakina vigezo wamekosea.

Ushahidi mkubwa ni Tshibumba Kanda Matulu, ambaye mwaka 1973 na 1974 alichora historia nzima ya nchi katika picha zaidi ya 100, akamweleza mwanaanthropolojia Johannes Fabian kila moja kwa Kiswahili cha Katanga, lugha ambayo mwalimu wa Kiswahili sanifu, yaani kile kilichowekewa kanuni kwa ajili ya shule na vitabu, angeisahihisha karibu kila mstari. Hata hivyo, kifo cha Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, alichokichora kwa mfano wa mateso ya Yesu, na misalaba mitatu kwa nyuma, hakihitaji kusahihishwa.

Kipimo hicho kinafaa hata nje ya Katanga: huko Bijombo, kwenye nyanda za juu za Uvira, mashariki mwa Kongo, ambako Wafuliiru, Wavira, Wanyindu na Banyamulenge wamepitia vita na kuhama, mwanafunzi anayefunzwa kunyoosha mstari anastahili pia kuulizwa, mbele ya picha yake mwenyewe, babu yake angesimulia nini akiiona.