Sikio la Mtoto na Habari za Seli Shina

Leo tuzungumze juu ya swali ambalo tunaulizwa mara kwa mara kliniki: je, ni kweli kuna seli ambazo mtoto kiziwi akidungwa sikioni atasikia tena? Kuna mama walioonyeshwa picha kwenye simu, wakatajiwa bei, na jamaa wameanza kuzungumza juu ya kuuza ng'ombe au kuitisha harambee. Kabla hujauza chochote, tuelewane kwanza kuhusu sikio lenyewe.

Sauti ikiingia sikioni hutikisa kiwambo, ile ngozi nyembamba iliyo mwisho wa tundu la sikio. Mtikisiko huo hupokewa na vifupa vitatu vidogo, vikaupeleka sikio la ndani. Huko, ndani ya mfupa wa kichwa, kuna kijibomba kilichojikunja kama nyumba ya konokono, nacho kimejaa maji. Wataalamu hukiita koklea. Ndani yake zimepangwa seli zenye vinywele vidogo mno juu yake. Maji yakitikisika, vinywele hulala na kuinuka kama mtama shambani upepo ukivuma, na seli hutuma habari kwa mshipa wa fahamu hadi ubongoni. Hapo ndipo mtoto anasikia unamwita.

Kila sikio lina seli hizi kama 15,000 tu. Jicho moja lina seli zaidi ya milioni 100 za kupokea mwanga, kwa hivyo unaona sikio halikupewa akiba kubwa. Zote huumbwa mtoto akiwa bado tumboni. Ukimnyoa mtoto kichwa, nywele zitaota; seli za sikio zikifa, basi.

Huuawa na nini? Homa ya uti wa mgongo ni adui mkubwa. Ukambi pia, na rubella ikimpata mama mjamzito. Kuna kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, na kelele kubwa za muda mrefu. Kisha kuna baadhi ya sindano kama gentamicin. Hapa nisikilizeni vizuri: sindano hiyo huokoa watoto wachanga wengi, na daktari akiiandika usikatae. Ubaya ni kuinunua dukani na kudungwa na mtu asiyejua kipimo.

Sasa ajabu ni hii. Kuku wako pale uani, seli zake za sikio zikiharibiwa na kelele au dawa, huota nyingine na akasikia tena. Watafiti wa Marekani waligundua hivyo kwa vifaranga na kware katika miaka ya 1987 na 1988. Kando ya kila seli yenye vinywele kuna seli jirani za kuitegemeza. Kwa kuku, seli yenye vinywele ikifa, jirani huamka, akagawanyika au akajigeuza kuchukua nafasi yake. Sisi tunaomfuga na kumla tunao majirani hao hao, lakini wamelala fofofo.

Ndipo wataalamu wakafikiria seli shina. Seli shina ni kama donge la unga uliokandwa: bado laweza kuwa chapati au mandazi. Lengo ni kuligeuza liwe seli ya sikio, au kuwaamsha wale majirani. Mwaka 2012, watafiti wa Sheffield, Uingereza, walitumia seli shina za binadamu kutengeneza seli za mshipa wa kusikia, wakazipandikiza kwa wanyama wadogo wanaofanana na panya. Kusikia kwao kuliboreka, ingawa hakukurudi kote. Mwaka 2013 watafiti wa Boston waliwaamsha majirani kwa dawa ndani ya sikio la panya, na panya wakasikia kidogo. Kwa watu mambo yamekuwa magumu. Kampuni ya Frequency Therapeutics ya Marekani ilijaribu dawa ya kuamsha seli hizo kwa watu wazima, na Februari 2023 ikatangaza kwamba haikufaulu, ikaacha.

Huenda ulisikia habari ya watoto wa Shanghai, Uchina, mwaka 2024, ambao watano kati ya sita walianza kusikia baada ya kudungwa sikioni. Ni kweli, lakini hiyo haikuwa seli shina. Watoto hao walizaliwa na vinywele hai, ila jeni moja iliyoitwa OTOF ilikuwa na kasoro, nao walipewa jeni nzima. Aliyepoteza seli kwa homa ya uti wa mgongo hawezi kusaidiwa hivyo.

Kwa hivyo hadi leo hakuna tiba ya seli shina iliyothibitishwa kumrudishia mtoto kusikia. Anayekuuzia anauza tumaini lako.

Linalonitia hofu kuliko pesa ni muda. Ubongo hujifunza lugha zaidi katika miaka ya kwanza. Na baada ya homa ya uti wa mgongo, ile koklea yaweza kuanza kujaa mfupa ndani ya wiki au miezi michache. Ikishajaa, hata kile kifaa cha umeme kinachopandikizwa ndani ya sikio huwa vigumu kukiingiza. Mama anayekaa miaka miwili akichangisha pesa za seli shina anaweza kuipoteza nafasi iliyokuwapo.

Mtoto akipona homa hiyo, mwombe daktari apimwe masikio kabla hamjaenda nyumbani, au kabla wiki nne hazijaisha. Mtoto mwingine yeyote asiyeshtuka mlango ukibamizwa, asiyegeukia sauti akiwa na miezi sita, au asiyesema neno akiwa na mwaka na nusu, mpeleke pia. Usikubali kuambiwa "babake naye alichelewa kusema". Pengine ni usaha au nta tu, na hayo yanatibika. Usitie mafuta, unyoya wala kijiti cha kiberiti.

Ikionekana hasikii, uliza kuhusu kifaa cha kusaidia kusikia, na muanze Lugha ya Ishara ya Kenya nyumbani wiki hiyo hiyo, ndugu zake wakiwemo. Hakuna kitakachoharibika kwa kujifunza ishara, hata siku moja tiba ikipatikana. Na yule mdogo aliye mgongoni, angalia kadi yake: chanjo ya ukambi na rubella ni ya miezi 9, kisha miezi 18. Hiyo ya pili ndiyo wengi husahau.